Mwalimu Anapokwenda Ng'ambo, Mtoto Wake Abaki na Nani?



Katika parokia zetu nyingi imekuwa kawaida siku hizi, mwishoni mwa Misa, kusikia tangazo la kumwombea mwanajumuiya anayesafiri. Zamani msafiri huyo alikuwa anakwenda Dar es Salaam au Nairobi kutafuta kazi. Leo anakwenda Bangkok, Hanoi, Muscat au Dubai, na mara nyingi anakwenda kufundisha Kiingereza. Ni mwalimu aliyehitimu chuo, akasubiri ajira ya serikali mwaka baada ya mwaka, akajitolea katika shule ya kata kwa posho isiyotosha hata nauli, na sasa amepata mkataba wa nje. Tunampigia makofi, tunamchangia kidogo, tunamwombea. Tukishatoka nje ya kanisa tunaulizana: hivi atalipwa kiasi gani?

Swali hilo lina maana yake. Mtu hahami kwa kupenda jua la nchi nyingine. Anahama kwa sababu ana ada za kulipa, ana wazazi wanaozeeka, na ana shahada inayokaa sandukuni. Lakini lipo swali linalotakiwa kutangulia, nasi tunaona halijapewa nafasi yake katika Jumuiya zetu: mtoto wake mdogo atabaki na nani?

Jibu la kawaida tunalijua. Atabaki na bibi yake. Mama au baba atatangulia, atatuma fedha, na mambo yakikaa sawa atarudi kumchukua. Tunaandika makala hii kusema wazi kwamba jibu hilo limezoeleka kupita kiasi. Mzazi mwenye mtoto mdogo anayekwenda kufundisha ng'ambo, kadiri inavyowezekana, aende na mtoto wake. Kazi isiyo na nafasi ya mtoto ipimwe upya kabla ya kutiwa sahihi. Na parokia iichukue safari hiyo kuwa ni safari ya familia, iiandae na kuisindikiza.

Kanisa linafundisha nini

Kanisa halijawakataza waamini wake kuhama. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, namba 23, anafundisha kwamba mtu ana haki ya kuiacha nchi yake kwenda kutafuta maisha bora, na ana haki ya kurudi pia. Haishii hapo. Anakiri kwamba kuhama ni hasara kwa namna fulani, kwa sababu nchi inampoteza mtu ambaye akili na jasho lake vingeijenga. Anataka hasara hiyo isije ikaongezewa hasara nyingine iliyo kubwa zaidi, yaani madhara kwa maadili na maisha ya mtu na ya familia yake.

Mwaka huohuo, katika wosia Familiaris Consortio, namba 46, aliorodhesha haki za familia ambazo jamii inapaswa kuziheshimu. Mojawapo ni haki ya kuhama kama familia ili kutafuta maisha bora. Maneno mawili pale yanabeba uzito wote: kama familia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1983, Kiti Kitakatifu kilitoa Hati ya Haki za Familia, nayo ikasisitiza kwamba wafanyakazi wahamiaji wana haki ya kuona familia zao zimeunganishwa tena upesi iwezekanavyo. Tukirudi nyuma zaidi, mwaka 1952 Papa Pius XII alitoa hati Exsul Familia juu ya huduma kwa wahamiaji, na akaifungua kwa kuitazama Familia Takatifu ikiwa uhamishoni Misri.

Habari yenyewe tunaisoma katika Injili ya Mathayo 2:13-15. Tunajua kwamba Herode alikuwa akimtafuta mtoto mwenyewe, kwa hiyo mfano huu haulingani kila upande na mwalimu anayetafuta mshahara. Hata hivyo Injili inatuonyesha Yosefu, fundi wa mikono, akianza maisha upya ugenini akiwa na mke na mtoto mchanga. Mtoto ndiye sababu ya safari ile, na alikuwamo ndani ya safari.

Tukimwuliza mwalimu wetu kwa nini anakwenda, naye karibu kila mara atajibu: kwa ajili ya mwanangu. Tunaliamini jibu lake. Basi tulichukue kwa uzito unaostahili. Kama safari ni kwa ajili ya mtoto, mtoto awe wa kwanza kufikiriwa wakati wa kuipanga, asiwe wa mwisho kutafutiwa pa kulala.

Kazi yenyewe ikoje

Ni vigumu kumshauri mtu juu ya jambo tusilolifahamu. Kwa hiyo inafaa mapadre, makatekista na viongozi wa Jumuiya wajue walau kidogo kazi hii inavyokwenda.

Nchi haziko sawa. Korea Kusini, kwa kawaida, hutoa viza ya mwalimu wa lugha ya Kiingereza kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya, Mganda au Mtanzania anayeambiwa kwamba ametafutiwa nafasi huko ya kufundisha Kiingereza kwa viza hiyo anapaswa kushtuka. Milango inayofunguka zaidi kwa watu wetu ni ya Thailand, Vietnam na nchi za Ghuba, nayo ina masharti yake: shahada, cheti cha kufundisha, vyeti vilivyothibitishwa kiserikali, na mara nyingi matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEIC. Asiyezaliwa katika nchi inayohesabiwa kuwa ya Kiingereza hudaiwa ushahidi zaidi, hata kama amesoma kwa Kiingereza tangu sekondari hadi chuo kikuu. Tena matangazo mengine ya kazi husema bila aibu kwamba yanamtaka mwalimu wa nchi fulani au wa sura fulani. Mwalimu wetu ajue hilo mapema, kwa sababu mtoto wake atakuwa karibu naye siku atakapokataliwa, na atataka kuelezwa.

Lililo muhimu zaidi kwa mzazi ni aina ya mahali pa kazi. Wanaofundisha Kiingereza Asia hufanya kazi katika sehemu za aina mbili hasa. Aina ya kwanza ni shule za kawaida, za serikali au binafsi, ambazo hufundisha asubuhi hadi alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Aina ya pili ni vituo vya lugha. Vituo hivi huwapokea wanafunzi baada ya shule na siku za mapumziko. Kwa hiyo mwalimu wa kituo huanza kazi jioni, watoto wengine wanapotoka shuleni, na humaliza usiku. Jumamosi na Jumapili ndizo siku zake za kazi nyingi.

Tufikirie mama mwenye mtoto wa miaka minne katika kituo cha namna hiyo. Asubuhi mtoto yuko chekechea, mama yuko nyumbani. Jioni mtoto amerudi, mama ametoka. Jumapili kengele ya Misa inapogongwa, mama yuko darasani akiwafundisha watoto wa watu wengine majina ya matunda na rangi. Mama na mtoto wanaishi chumba kimoja, na bado wanapishana mlangoni wiki nzima. Mkataba wa namna hiyo unaweza kuwa na mshahara mzuri kuliko wa shule, na bado usimfae mzazi. Ndiyo maana tunasema kwamba kumbeba mtoto kwenye ndege hakutoshi. Saa za kazi nazo ziwe saa zinazomwezesha mzazi kumlea.

Kuna jambo la hatari pia ambalo hatuwezi kulinyamazia. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imewaonya raia wake juu ya matangazo ya kazi za uongo nchini Thailand. Watu wa Afrika Mashariki walioitikia matangazo kama hayo walivushwa mpaka hadi Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu kwa njia ya intaneti. Wengi wa walionaswa walikuwa wasomi. Mzazi hana ruhusa ya kubahatisha. Anayeambiwa asafiri kwa viza ya utalii na kwamba kibali cha kazi atapewa hukohuko baadaye, asimame kwanza, aulize ubalozi, aulize ofisi ya kazi, aulize mtu aliyeko kule anayemfahamu kwa jina na sura.

"Lakini bibi yupo"

Wengi watatupinga hapa, na hoja zao zina nguvu. Watasema: malezi ya bibi ni desturi yetu, na wengi wetu tumelelewa hivyo na hatukuharibika. Mkono mmoja haulei mwana. Watasema pia kwamba mtoto ugenini atakosa ndugu, ataugua bila shangazi wa kumshika, na mama atashindwa kazi kwa kukosa msaada.

Tunawaheshimu mabibi wetu, na wamebeba mzigo ambao Kanisa na taifa hawajawashukuru vya kutosha. Ila desturi ile ya zamani haikuwa hii ya leo. Zamani mtoto aliyelelewa na bibi aliwaona wazazi wake, kama si kila siku basi kila msimu wa mavuno, kila Krismasi, kila msiba. Bibi alikuwa mkono wa pili. Leo tunamfanya mkono pekee, tena akiwa mzee, kwa miaka miwili au mitatu mfululizo, na mzazi ni sauti kwenye simu.

Sauti yenyewe hupatikana kwa shida. Bangkok na Hanoi ziko mbele yetu kwa saa nne. Mtoto wa Moshi anapomaliza uji na kwenda shule saa moja asubuhi, kule ni saa tano, mama yuko darasani. Familia inapokusanyika kwa sala ya jioni saa mbili usiku, kule ni saa sita usiku wa manane. Wiki za kwanza mama atakesha ili azungumze na mwanawe. Miezi ikipita atachoka, na mtoto naye ataanza kukimbilia mchezo baada ya kusema "shikamoo mama". Hatuwalaumu wote wawili. Mtoto wa miaka mitatu humjua mzazi kwa kubebwa, kulishwa na kuogeshwa, na simu haifanyi hayo.

Kuna wakati ambapo mzazi hana budi kutangulia peke yake. Huenda mtoto yuko katikati ya matibabu, au nyumba haijapatikana, au karatasi za mtoto zinachelewa kuliko za mzazi. Katika hali hizo tunashauri mzazi atangulie kwa tarehe. Yaani kabla ya kuondoka aseme mbele ya familia, na ikiwezekana mbele ya paroko wake: mwezi fulani mtoto atanifuata, na ikishindikana mwezi huo nitarudi. Kauli ya "mambo yakikaa sawa" haina tarehe, na mambo ya ugenini hayakai sawa yenyewe.

Jambo moja zaidi. Swali la mtoto huulizwa kwa mama tu. Baba akisafiri, Jumuiya humpongeza na hakuna anayemwuliza amemwacha mtoto na nani. Kanuni ya 1136 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba wajibu mzito sana wa kulea watoto kimwili, kijamii, kiutamaduni, kimaadili na kidini ni wa wazazi. Haikusema akina mama. Baba anayekwenda Oman kufundisha anabeba wajibu uleule, na mke anayebaki ana haki ya kuulizwa maoni yake kabla tiketi haijakatwa.

Ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kwa hiyo tunawashauri walimu wetu, kabla ya kukubali kazi, wapate majibu ya maandishi kwa maswali machache.

La kwanza: je, mkataba unaruhusu mtoto kuja kwa viza halali? Nchini Thailand, mwalimu mwenye viza ya kazi anaweza kumwombea mtoto wake viza ya mwanafamilia kwa cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa. Katika nchi za Ghuba, mzazi humdhamini mtoto kulingana na mshahara wake na nyumba aliyo nayo. Mwajiri anayesema "mlete tu, hakuna atakayeuliza" anamwalika mtoto kwenye maisha ya kujificha, na mtoto wa kujificha haendi shule wala hospitali.

La pili: mtoto atasoma wapi, na nani atalipa? Shule za kimataifa ni ghali mno. Shule nyingine huwapunguzia ada watoto wa walimu wake, nyingine huwasomesha bure, nyingine hazina mpango wowote. Shule ya serikali itamfundisha kwa Kithai au Kivietinamu. Mtoto mdogo hujifunza lugha haraka, lakini mzazi ajue atamsaidiaje kazi za nyumbani kwa lugha asiyoijua mwenyewe.

La tatu: bima ya afya inamhusu mtoto pia, au mwalimu peke yake? Na chanjo je? Thailand hudai cheti cha homa ya manjano kwa wasafiri wanaotoka Kenya, Tanzania na Uganda. Hilo ni jambo la kumaliza nyumbani, si la kugundua uwanja wa ndege.

La nne: saa za kazi ni zipi, na Jumapili ikoje? Tumekwisha kueleza sababu.

La tano: kama mzazi ni mmoja tu anayesafiri na mtoto, je, mzazi wa pili ameridhia kwa maandishi? Ofisi za uhamiaji huweza kudai barua hiyo. Na hata kama zisingedai, kumpeleka mtoto nchi nyingine bila baba au mama yake kujua kunazaa ugomvi ambao mtoto ndiye atakayeulipia.

La sita: nauli ya kurudi ya watu wawili iko wapi? Iwekwe kando tangu siku ya kwanza, isiguswe. Mwenye nauli ya kurudi anaweza kumwambia mwajiri mbaya hapana.

Orodha hii inaweza kuonekana ya kidunia mno kwa gazeti la seminari. Sisi hatuoni hivyo. Upendo wa mzazi Mkristo hupita humohumo, katika chanjo, bima na ada.

Imani na lugha ya mtoto ugenini

Wengine huogopa kwamba mtoto atakayekulia Asia au Uarabuni atapoteza imani. Hofu hiyo inafaa kujibiwa kwa yale yaliyoko.

Thailand ni nchi ya Wabudha, na Wakatoliki hawafiki hata asilimia moja ya watu wote. Lakini Kanisa lipo na lina mizizi. Shule ya Assumption ya Bangkok ilianzishwa mwaka 1885, na shule nyingine nyingi za Kikatoliki zinafundisha watoto wa Kibudha kwa maelfu. Jijini Bangkok, parokia ya Mkombozi Mtakatifu inayohudumiwa na Waredemptoristi ina Misa za Kiingereza. Papa Fransisko alizuru nchi hiyo Novemba 2019. Vietnam ina Wakatoliki wapatao milioni saba, na makanisa yake hujaa.

Kwa upande wa Uarabuni, Vikariati ya Kitume ya Arabia ya Kusini inahudumia Falme za Kiarabu, Oman na Yemen, na karibu waamini wake wote ni wahamiaji wa kazi. Parokia ya Mtakatifu Maria, Dubai, huadhimisha Misa kwa lugha nyingi na ina mafundisho ya watoto wengi mno. Muscat kuna parokia ya Watakatifu Petro na Paulo, mtaa wa Ruwi. Nchini Oman Jumapili ni siku ya kazi, hivyo waamini wengi husali Misa ya Dominika siku ya Ijumaa. Mwamini wetu asiyeelezwa hilo anaweza kukaa miezi akidhani amekosa Misa, kumbe kanisa lilikuwa wazi Ijumaa nzima.

Kanisa, basi, mtoto atalipata. La kuangaliwa zaidi ni nyumba yake, na hapo lugha ina nafasi kubwa. Mwalimu wa Kiingereza hushawishika kuzungumza Kiingereza tu na mtoto wake, kwa kuwa ndicho kinachomlisha. Mtoto ataanza kumjibu mama kwa Kiingereza, shuleni atasema Kithai, na baada ya miaka miwili bibi yake akimpigia simu hawataelewana. Tunawasihi wazazi: sala zenu za nyumbani ziwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kabila lenu kama mnaijua. Baba Yetu, Salamu Maria, sala ya chakula, Malaika wa Mungu kabla ya kulala. Mtoto anayesali kwa lugha ya bibi yake ataweza kurudi kwa bibi yake na kupiga magoti kando yake. Wanaokwenda Muscat wana bahati zaidi, kwa kuwa watakutana na Waomani wenye asili ya Zanzibar wanaozungumza Kiswahili hadi leo, sokoni na majumbani.

Wajibu wa parokia, na wetu mafrateri

Mpaka hapa tumewashauri wazazi. Ingekuwa si haki kuwabebesha mzigo wote, kwani wengi wanaowaacha watoto nyuma hufanya hivyo kwa sababu hakuna aliyekaa nao wakapanga njia nyingine. Wengine ni akina mama wanaolea peke yao, na badala ya msaada hupata maneno ya chinichini kwamba wanakimbia aibu. Maneno hayo yakome. Mama aliyeamua kumlea mtoto wake na kumtafutia riziki kwa jasho halali hakimbii kitu.

Parokia inaweza kufanya nini? Paroko akutane na msafiri kabla ya siku ya mwisho, amwulize habari za mtoto. Ampe barua ya utambulisho kwa paroko wa huko, pamoja na vyeti vya ubatizo vya mzazi na vya mtoto. Kama mtoto hajabatizwa, abatizwe nyumbani kukiwa na ndugu na wasimamizi wake, baada ya maandalizi yanayostahili. Mtoto akipata Kipaimara ng'ambo, taarifa irudi na kuandikwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia yake, kama sheria ya Kanisa inavyoagiza, ili miaka ishirini baadaye asihangaike kutafuta karatasi za ndoa.

Wasimamizi wa ubatizo nao waamke. Tumezoea kuwaona siku ya ubatizo na siku ya picha. Msimamizi wa mtoto aliyehamia mbali ana kazi nzuri ya kufanya: apige simu siku ya somo wa mtoto, amsimulie habari za nyumbani, amwulize amejifunza nini kwenye mafundisho. Viongozi wa Utoto Mtakatifu wanaweza kumweka katika orodha yao na kumkumbuka katika sala. Na mtoto ambaye imebidi abaki na bibi asisahaulike. WAWATA na Jumuiya wamtembelee bibi huyo kwa zamu, waone kama fedha inayotumwa inamfikia mtoto, na wamwandikie mama ukweli wa hali yake.

Ipo pia Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani, ambayo Kanisa limeiadhimisha tangu mwaka 1914, na sasa huangukia Dominika ya mwisho ya Septemba. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliielekeza siku hiyo kwa watoto wahamiaji. Katika parokia zetu nyingi siku hiyo hupita kama Dominika nyingine yoyote, kwa sababu neno "mhamiaji" linatufanya tuwafikirie watu wa mbali. Tusome siku hiyo majina ya waliotoka kwetu, wakubwa na watoto. Orodha itakuwa ndefu kuliko tunavyodhani.

Sisi mafrateri tuna somo letu hapa. Katika malezi yetu tunajifunza kuandaa ndoa, kuongoza mazishi, kufundisha wakatekumeni. Kumwaga msafiri tumekuchukulia kuwa ni jambo la tangazo la dakika mbili. Kitabu cha Baraka cha Kanisa kina ibada maalumu ya kuwabariki wanaosafiri. Tujifunze kuitumia vizuri, na kabla ya kunyunyiza maji ya baraka tujifunze kuuliza na kusikiliza. Padre atakayejua tofauti kati ya shule na kituo cha lugha, kati ya viza ya kazi na viza ya utalii, ataokoa familia nyingi kuliko padre atakayewahubiria tu juu ya hatari za ughaibuni.

Kwenu walimu mnaojiandaa kusafiri, tunawatakia heri. Nendeni mkafundishe vizuri, kwa kuwa watoto wa Bangkok na wa Muscat nao ni watoto wa Mungu, na kazi ya mwalimu ni kazi takatifu popote ifanywapo. Lakini kabla hamjatia sahihi, fungueni tena mkataba wenu na mtafute mahali ambapo mtoto wenu anatajwa. Asipotajwa, ulizeni. Asiponafasiwa, subirini mkataba mwingine. Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Familia Takatifu, awaombee.